Usiku wa gala kwenye kruzi: uvae nini ukitokea Mombasa

Siku hizi wateja wangu wananiuliza mambo ya meli kuliko mambo ya harusi. Mtu ashalipia kruzi, yaani safari ya starehe ya meli, ama watoto walioko nje wamewalipia mama na baba, ama ni maharusi wanaenda fungate, viza iko tayari na tikiti iko tayari, alafu akisoma ile barua ya kampuni anakuta imeandikwa kutakuwa na jioni mbili za mavazi rasmi, basi hapo moyo unaanza kwenda mbio. Anakuja dukani ataka taksido, ile suti ya jioni ya kizungu, na aitaka haraka. Mimi kabla sijachukua tepu humuuliza mambo mawili, waenda na meli gani, na kabatini kwako kuna nini? Kwa sababu mara nyingi kile anachokitafuta ashakuwa nacho, kimetundikwa pale tangu Idi na kinangojea kupigwa pasi tu.

Tuanze na meli yenyewe kwa sababu kampuni hazifanani kabisa na hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Cunard, hawa wenye Queen Mary 2, ndio wanaoshikilia mila ya zamani kuliko wote. Ile safari yao ya siku 7 kati ya Southampton na New York kwa kawaida huwa na jioni mbili za gala, na hapo wanaume wanatakiwa koti jeusi la jioni au suti ya rangi nzito na tai, iwe ya kipepeo au ya kawaida, wanawake gauni la jioni au nguo ya sherehe yenye heshima yake. Na wao wenyewe wameandika kwamba vazi rasmi la taifa lako linakubalika sawasawa na taksido. Hilo nataka ulishike maana ndilo nitakalolirudia. Hata zile jioni ambazo si za gala, ukishafika saa kumi na mbili wanataka watu wavae nadhifu karibu meli nzima, wamebakisha sehemu chache tu kama bufee na ile baa yao ya Golden Lion kwa asiyetaka kujipamba.

Carnival ni wepesi zaidi. Safari ya siku 2 mpaka 5 ina jioni moja ya kupendeza, kuanzia siku 6 huwa mbili, na mwanamume akivaa suruali ya kitambaa na shati zuri la kola amemaliza, koti ni hiari yake. Princess nao safari ya wiki moja mara nyingi ina jioni mbili rasmi. Celebrity tangu mwaka 2015 waliamua kuachana na ule urasmi wa kizamani wakaleta kitu cha katikati, upendeze lakini si lazima taksido. Norwegian, hawa ambao meli yao Norwegian Dawn ishatia nanga hapa bandarini Kilindini, hawamlazimishi mtu, ukitaka kujipamba jipambe, hutaki kaa na suruali yako ya kawaida na shati safi. MSC ndio ambao wamekuwa karibu na sisi watu wa pwani, maana kuna misimu wamekuwa wakiondokea Dubai ama Durban, na wao huwa na jioni ya gala na pia mara nyingi jioni ya mavazi meupe. Sasa ukiangalia hapo utaona mtu wa Norwegian na mtu wa Cunard hawawezi kupewa ushauri mmoja. Ingia kwenye tovuti ya kampuni yako, tafuta ukurasa wa mavazi, usome na tarehe za safari yako ukiwa nazo mkononi kwa sababu haya masharti hubadilishwa. Usimsikize binamu yako aliyepanda meli ingine miaka iliyopita.

Haya, sasa tuje kwenye kanzu.

Watu wengi wanadhani mavazi rasmi maana yake ni mavazi ya kizungu, na mimi jambo hili linaniuma kwa sababu hata hilo koti la taksido lenyewe lilianza kama vazi la watu wa mahali fulani kwa shughuli fulani. Mwaka 1865 mafundi wa Henry Poole pale London walimshonea mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kuvaa kwenye chakula cha jioni cha nyumbani ili asihangaike na lile koti refu lenye mkia. Lilikuwa ni koti la starehe! Leo ndilo la heshima. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akiingia kwenye ukumbi wa meli na kanzu nyeupe iliyonyooka, koti jeusi juu na kofia ya vito, ile ya kudungwa kwa sindano, kichwani, hajaomba ruhusa ya mtu na hajapunguza kitu, huyo amevaa rasmi kama tunavyovaa kwenye nikaha na kwenye Maulidi. Lakini iwe kamili. Hapo sina huruma. Kanzu ya kwendea msikitini Ijumaa ambayo ishafifia kolani, na sandali za mpira, hiyo si vazi la taifa, hiyo ni nguo ya nyumbani na mlangoni watakurudisha na watakuwa na haki.

Kamili ni vipi? Kitambaa kwanza. Kanzu ya pamba tupu ni baridi na nzuri lakini ukiikunja ndani ya begi kutoka Mombasa mpaka Barcelona itatoka kama karatasi iliyofinyangwa, kwa hivyo kwa safari nakushauri tetroni nzito kidogo ama pamba iliyochanganywa. Nzito ina faida nyingine pia, taa za ule ukumbi ni kali na wapiga picha wa meli wana flashi kubwa, kanzu nyepesi inaonyesha kila kilicho ndani. Nshaona picha ya mzee mashallah amependeza, kofia safi, koti safi, lakini mistari ya kikoi chake cha rangi yaonekana kuanzia kiunoni mpaka magotini. Ndani vaa kikoi cheupe kisicho na pindo la rangi ama suruali nyeupe nyembamba, na fulana nyeupe ya mikono, si ile ya singlendi. Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu, usiburure, ndani ya meli kuna ngazi nyingi zenye zulia na meli yatikisika, ukikanyaga pindo la kanzu yako mwenyewe unaweza kuanguka vibaya.

Koti liwe jeusi ama buluu iliyokolea, la kifua kimoja, na likukae mabegani. Mikono ya kanzu ichungulie kidogo chini ya mikono ya koti kama shati linavyochungulia. Usivae koti la kahawia la ofisini, wala lile la mistari. Na ukiwa unaenda na Cunard angalia kama kwenye safari yako kuna usiku wao wa nyeusi na nyeupe, maana hapo kanzu nyeupe na koti jeusi ushawapita hao wenye taksido. Joho mimi naliachia maharusi, ni zito, linachukua nusu ya begi, na mtu ambaye hajalizoea huwa hajui alishike wapi akikaa kitini. Ukiwa uko fungate basi lichukue, usiku mmoja lina haki yake.

Kofia ya vito yataka uangalizi kuliko kitu chochote ndani ya begi. Hii kofia mtu ameidunga kwa sindano tundu kwa tundu kwa wiki na wiki, zile nzuri za Lamu na Siyu na Pate zinaweza kukaa miezi mkononi mwa mshonaji, alafu wewe waichukua waibamiza chini ya viatu? Ifuliwe kabla ya safari, itiwe wanga, ikaushwe ikiwa imekaa kwenye umbo lake isimame wima. Ikishakauka ijaze soksi safi ndani mpaka isibonyee, iweke kwenye kidoo cha plastiki ama kiboksi kigumu, na uibebe kwenye begi la mkononi. Kuhusu kuivaa mezani usiwe na wasiwasi, kofia zinazokatazwa kwenye kumbi za chakula ni zile za michezo zenye ulimi mbele, hii ni sehemu ya vazi.

Viatu. Makubadhi mapya ya ngozi na kanzu kwangu mimi ni vazi kamili na kwenye harusi ya Mji wa Kale hakuna atakayekutazama mara mbili, lakini mhudumu wa mlangoni ameambiwa azuie sandali na hajui tofauti ya makubadhi na sandali za ufuoni. Usibahatishe, beba viatu vyeusi vya ngozi vilivyofungwa na soksi nyeusi, makubadhi uyavae kwenye jioni za kawaida.

Na Mombasa si ya kanzu peke yake, najua. Kama kanzu si vazi lenu, suti nzuri nyeusi yatosha karibu kila meli na taksido si lazima. Ukiitaka taksido kwa sababu waipenda, sawa, ni nguo nzuri na kila mwanamume inamkaa akishonewa vizuri. Ijue sura yake: koti jeusi ambalo kola yake ina satini, suruali yenye utepe wa satini ubavuni na haina sehemu za kupitishia mshipi, shati jeupe, tai nyeusi ya kipepeo, viatu vyeusi vinavyong'aa. Pia kuna lile koti jeupe la jioni na suruali nyeusi, hilo asili yake ni la nchi za joto na kwa ngozi zetu linapendeza sana, mimi ningemshauri kijana alichukue hilo mbele ya lile jeusi, ila kwenye usiku wa gala wa Ulaya wakati wa baridi nyeusi ndiyo salama zaidi.

Kununua dukani ni ghali kwa nguo utakayoivaa usiku mbili. Nenda soko la Kongowea siku ya kufungua mabeli, ufike asubuhi, makoti ya jioni ya Ulaya yanakuja kwenye mitumba na wauzaji wengi wanayaweka pamoja na suti za kawaida kwa sababu hawaangalii ile satini. Likague hivi: mabega kwanza, mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia, kwa sababu mabega ndiyo kazi ngumu kwa fundi na ndiyo gharama, lakini kiuno, mikono na urefu wa suruali ni kazi ndogo. Geuza ndani utazame kwapa, kama bitana imebadilika rangi liache, harufu ya jasho ya miaka haitoki hata uipeleke drai klina gani. Pitisha kidole kwenye satini ya kola, ikiwa imechanika nyuzi ama imeng'aa kwa kupigwa pasi ya moto hairekebishiki. Ukilipata zima mpelekee fundi na viatu utakavyovaa, maana urefu wa suruali unapimwa na kiatu chake.

Akina mama na dada zangu, kwenu kuna jambo moja ambalo halisemwi na ni la huku kwetu hasa. Nguo zetu nzito za sherehe tulishonewa za kupamba, na kupamba ni shughuli ya harusi ya wanawake peke yao, kwa hivyo gauni lako zuri kuliko yote, lile la mgongo wazi na mikono ya lesi, lilishonwa ukijua ndani hakuna mwanamume. Kule kwenye meli ukumbi ni mchanganyiko, meza unaweza kuwekwa na watu usiowajua, wahudumu ni wanaume. Kwa asiyejali hilo hakuna shida, lakini kwa anayevaa buibui, usinunue gauni jipya, mpelekee fundi hilo hilo akushonee koti refu la kuvaa juu, la shifoni ya tabaka mbili ama krepu, wazi mbele, rangi ile ile ama nyeusi, mikono mipana kiasi. Ndani ya kabini mko wenyewe, hilo koti unalivua, na gauni lako limevaliwa mara ya pili.

Abaya ya jioni yenye mawe na darizi ni vazi rasmi kamili, usiambiwe kingine. Chagua yenye kitambaa kinachoanguka, krepu ama nida nzuri, na kazi ya mikono iwe kifuani na mikononi badala ya mgongoni, kwa sababu utakaa kitini masaa mawili unakula na mawe ya mgongoni yanakwaruza kiti na kung'oka moja moja. Dera hapana. Hata lile la hariri lililoletwa Dubai. Dera ni raha ya nyumbani na ya kabini, kwenye jioni ya gala litaonekana nguo ya kulalia.

Gauni la leso, yaani kanga, nalipenda mno na wageni hulipenda pia, ila lataka fundi anayejua. Leso mpya imejaa wanga na rangi, ifue mara mbili kabla haijakatwa maana inarudi na inatoa rangi, usije ukaketi kwenye kiti cheupe cha meli ukaacha alama. Mwambie fundi pindo liangukie chini ya sketi lizunguke lote, mji, ile sehemu ya kati ya leso, ukae katikati ya mwili, na jina, yale maandishi yake, lisikatwe katikati ya maneno, liwekwe mahali linasomeka. Na utazame jina lasema nini, kwa sababu hakika utaulizwa mezani, chagua ambalo uko radhi kulieleza mbele ya mume wako. Litiwe bitana, bila bitana leso ni nguo ya mchana. Kitenge vilevile, kizuri chenye bitana na mshono wa kukaza kiunoni chapendeza kuliko satini ya bei rahisi inayong'aa kama karatasi ya peremende.

Mtandio: ule wa satini unateleza usiku kucha na utakuwa washika kichwa badala ya kula. Chukua shifoni ya kukwaruza kidogo ama jezi nyembamba, na pini za sumaku kwa sababu pini za kawaida zinatoboa kitambaa na pia hupotea. Beba mitandio miwili kwa kila gauni, mchuzi hauchagui.

Sasa udi. Hili nalisema kwa mkazo: ndani ya meli huwezi kufukiza. Mishumaa, ubani, udi, chochote kinachotoa moshi ama moto kimekatazwa kabini, na wanakagua mabegi, na pia kuna mitambo ya kugundua moshi juu ya kitanda chako. Moto baharini si mchezo. Basi fukiza nyumbani, usiku wa mwisho kabla ya kufunga begi, tundika kanzu na abaya juu ya chetezo kwa nafasi ya kutosha zisiungue, ziachie moshi uingie mpaka kwenye bitana, ziache zipoe kabisa, alafu zifunge ndani ya leso ya zamani iliyolainika. Ukizifungua siku ya pili baharini harufu bado iko. Kwa kuongezea beba marashi ama mafuta ya udi kwenye kichupa kidogo, na utie kidogo tu, ukumbi ni wa kufungwa na jirani yako wa mezani huenda akaumwa na kichwa.

Hina na piko vipakwe siku mbili kabla ya ndege ili rangi ikolee na isichafue nguo nyeupe. Dhahabu beba ile utakayovaa tu, ivae ama iweke kwenye begi la mkononi, na kabini kuna sefu, itumie.

Kuhusu pasi jambo ni lile lile, pasi ya kwako huruhusiwi kuingia nayo, hata ile ndogo ya safari na hata ile ya mvuke, wataichukua mlangoni utarudishiwa mwisho wa safari. Baadhi ya meli, kama za Cunard, Carnival na Princess, zina chumba cha kufulia chenye pasi na meza yake, lakini jioni ya gala foleni yake ni ndefu kwa hivyo nenda asubuhi. Kwingine utalipia huduma ya kupigiwa pasi. Ama ufanye hivi: ukifika tu kabini kabla hujatoka kwenda kuona bahari, fungua begi, tundika nguo za gala. Alafu ukioga maji ya moto tundika kanzu ndani ya bafu ufunge mlango, mvuke utanyoosha yale makunyanzi madogo, unalivuta pindo chini kwa mkono polepole likiwa bado na unyevu. Kwa tetroni na krepu yatosha kabisa, kwa pamba itapunguza tu.

Begi lenyewe ligawe kwa akili. Bandarini utachukuliwa begi kubwa na utalikuta mlangoni pa kabini baadaye, saa ingine masaa kadhaa, ndio maana usiku wa kwanza kwa kawaida si wa gala. Lakini hatari kubwa ni ndege, mabegi ya watu wanaobadilisha ndege Addis ama Nairobi hupotea, na meli haingoji begi la mtu. Kwa hivyo seti moja kamili ya gala ya kila mtu ikae kwenye begi la mkononi: kanzu, kofia, abaya, mtandio, viatu vyepesi. Koti livae mwilini hata kama pale uwanja wa Moi jasho linakutoka. Gauni la mawe ligeuze ndani nje, liviringishe na leso, usilikunje. Zile ndege za moja kwa moja mpaka Dubai zimerahisisha mambo lakini bado fanya hivyo.

Na jamani msije mkamletea fundi kazi wiki mbili kabla ya Idi! Ramadhani ikifika kumi la mwisho mafundi wote kuanzia Bondeni mpaka Majengo wana mlima wa nguo, hata aliye rafiki yako atakuahidi na hatatimiza. Kama safari iko karibu na Idi ama Desemba peleka kitambaa miezi miwili kabla, ujaribu mara mbili, mara ya pili ukiwa umevaa viatu vyenyewe na nguo za ndani zenyewe, ukae kitini, uinue mkono kama wachukua kitu mezani, upande ngazi. Gauni ambalo huwezi kukaa nalo si la meli. Na uache nafasi ya inchi moja kiunoni, chakula cha kule si cha mchezo na jioni ya gala ya pili huja kama siku ya sita.

Eesi, yaani kiyoyozi, ya zile kumbi ni baridi kwa mtu wa Mombasa, hilo halina mjadala. Wazungu wamekaa mabega wazi wanacheka na wewe meno yanagongana. Beba shali nzito ya rangi inayoenda na gauni, ya sufu laini, si koti la mvua. Baba akiwa na koti juu ya kanzu yuko salama. Nje kwenye sitaha upepo wa usiku wainua kila kitu, sketi pana ya shifoni ishike kwa mkono kabla mlango haujafunguka. Na mchuchumio mrefu mwembamba uache nyumbani, meli ikipata mawimbi hata kidogo sakafu inahama chini ya mguu, kisigino kipana cha inchi mbili kitakufikisha mezani na kitakurudisha.

Watoto msiwachoshe. Kijana wa miaka kumi na kanzu na kofia yake, ama suruali ya kitambaa na shati la kola, msichana na gauni lake la Idi, imetosha. Raba na kaptura za kuchezea mpira zibaki nyumbani jioni ile.

Siku ya gala mara nyingi ni siku ambayo meli iko baharini mchana kutwa haisimami bandari yoyote, kwa hivyo muda wa kujitayarisha upo. Ratiba huletwa kabini ama iko kwenye programu ya simu, iangalie siku ya kwanza. Kama meli ina zamu mbili za chakula, ya mapema na ya kuchelewa, wanaoswali wachague kwa kuangalia magharibi itaingia saa ngapi kule mnakopita, na mkumbuke saa ya meli hubadilishwa njiani. Nguo zenye vifungo vingi na mikono ya kubana ni taabu kwa udhu, jitawadhe kwanza alafu ndio uvae.

Fikeni mapema kidogo kwa ajili ya picha. Wapiga picha wa meli huweka mapazia na taa pale karibu na ngazi kuu, kupiga ni bure, kununua ndio pesa na si kidogo, kwa hivyo simameni wapige kadhaa alafu mchague moja tu nzuri ya familia. Mwanamume afunge kifungo cha koti akisimama, akifungue akikaa. Kofia ikae sawa juu ya nyusi, isirudi nyuma. Mama, shali ivue kwa dakika hiyo moja ili darizi ionekane.

Usiku wa mwisho kwa kawaida si rasmi, na mabegi makubwa yatakiwa yawe nje ya mlango wa kabini usiku huo ili yashushwe bandarini asubuhi, kwa hivyo nguo za gala zitangulie kufungwa, kofia na dhahabu zirudi kwenye begi la mkononi, na uache kabatini nguo za kuvaa asubuhi na viatu vyake, kwa kila mtu, watoto pia.